Tulivyolisikia Neno la Wajapani

Kwenye kilio cha Zawadi, katika ukumbi wa kanisa kule Pinetown, mchungaji alisimama akasoma maisha ya marehemu: mahali alipozaliwa, njia aliyopita hadi kufika Durban, saluni aliyoifungua kwa mikono yake, na watoto aliowaacha, watatu, kila mmoja akiinuka jina lake lilipotajwa. Watu wakaitikia amina. Mimi sikuitikia. Nilikuwa nimeketi safu ya nyuma, karibu na sufuria za wali, na nilifumba mdomo kwa sababu Zawadi hakuzaa watoto watatu. Alizaa wanne. Wa kwanza alizaliwa chini ya milima ya Drakensberg, katika chumba cha kuogea cha uwanja wa gofu wa Wajapani, na kati ya wanawake tuliokuwapo nimebaki peke yangu katika mji huu. Zawadi aliniapisha nisimtaje mtoto huyo maadamu yeye yu hai, nami nikatimiza. Sasa binti yake, Riziki, amekuja hadi mlangoni kwangu kuniuliza kwa nini mama yake alikuwa kiziwi sikio la kushoto, maana waliambiwa ni homa ya utotoni. Haikuwa homa. Neema, mjukuu wangu, wewe uliyepelekwa shule na mimi sikupelekwa, kaa hapa uandike, na usiniongezee maneno matamu. Habari za ukoo wangu na za vita vilivyotutoa kwetu, wengine wamekwisha kuzieleza. Naanza na mwaka ule.

Tulikuwa wageni kabisa Durban, tukilala wanawake wengi katika chumba kimoja karibu na bandari, chumba ambacho dirisha lake lilitazama ukuta. Zawadi alikuwa mdogo wetu sote. Mimi nilikuwa na umri ambao watu huanza kumwuliza mwanamke kwa nini hajaolewa, na jibu langu lilikuwa kuwakodolea macho hadi waondoke. Mkubwa wetu alikuwa Mama Bahati, mwanamke mrefu, mkavu, asiyecheka ovyo. Bahati mwenyewe hatukumwona. Alikuwa amebaki kwetu, chini ya udongo, na mama yake aliendelea kuitwa kwa jina lake kana kwamba kijana ametumwa dukani na atarudi. Siku moja akaja mtu wa kwetu ambaye kazi yake ilikuwa kuwatafutia wenzake kazi. Alisema kuna Wajapani wamejenga uwanja wa gofu kule bara, penye vilima chini ya milima mikubwa, na kwa desturi ya kwao wanaowabebea wachezaji fimbo ni wanawake, si wanaume. "Chakula iko, kitanda iko, maji ya moto iko," alisema, huku akitutazama matumbo kuliko nyuso. "Ila mwenye mimba, hapana. Patron, mwenye uwanja, hataki matata." Zawadi alijibu kwa sauti kubwa kuliko sisi sote kwamba yeye hana mimba. Ndipo nilipojua kwamba anayo.

Nimeishi katika mji huu miaka mingi, nimeuza vitenge Pinetown, nimesafisha nyumba za watu Westville, lakini sijapata kuona mahali pasafi kama pale, wala mahali ambapo usafi wenyewe ulinitia hofu namna ile. Milima ilisimama nyuma kama ukuta ambao aliyeujenga alisahau kuweka mlango, na mawingu yaliteremka kutoka huko bila taarifa, yakafunika watu waliokuwa wamesimama juani. Chini yake vilima vilikuwa vimenyolewa kama kichwa cha mfiwa. Hapakuwa na mbuzi, hapakuwa na mahindi, hapakuwa na moshi wa jiko la mtu; majani tu, na mchanga mweupe uliomwagwa katika mashimo mapana, na kila penye majani laini kabisa palikuwa na kishimo kimoja chenye bendera nyekundu. Mama Bahati alisimama penye kishimo cha kwanza akakitazama kwa muda mrefu.

"Nani aliona shimo inawekewa bendera," alisema, "kama si ya kuzika kitu?"

"Mama, ni mchezo tu," Zawadi akamwambia.

"Mchezo gani? Angalia sura zao. Nani anacheka?"

Na kweli, wageni wale hawakucheka. Walikuja kutoka miji mikubwa kwa magari safi, wengi wao wafanyabiashara wa Kijapani, wakacheza kama watu walio kazini, wakiupima upepo kwa nyasi, wakinyamaza pamoja. Sisi tulivishwa kofia nyeupe zenye kitambaa cha kushuka shingoni na kufungwa kidevuni. Zawadi alipojitazama kwenye kioo alisema tumekuwa masista wa Ujapani. Msimamizi, Bwana Ishida, mtu mwembamba mwenye nywele zilizolazwa kwa mafuta, alitufundisha kuinama mbele ya wachezaji kabla hawajaanza na kutamka salamu yao, ambayo masikioni mwetu ilikuwa "onegai shimasi". Zawadi alikuwa amekaa miaka karibu na kambi ya askari waliosema Kilingala, akaangua kicheko: "Ngai ni mimi! Ona ngai, shimasi! Nione mimi!" Tangu hapo kila asubuhi aliinama mbele ya mabwana wanne akasema "Ona ngai" kwa unyenyekevu mkubwa, nao wakamwinamia vilevile, na hakuna aliyegundua. Nilimkemea kwa hilo. Usiku nilijifunika shuka nikacheka.

Chumba chetu kilikuwa nyuma ya mahali pa kufulia nguo, vitanda vya chuma, sakafu ya saruji, na harufu ya sabuni isiyokwisha. Wachezaji walipofika nusu ya mchezo waliacha kila kitu wakaingia kula, kwani hiyo nayo ni desturi yao, nasi tukala mlango wa nyuma wa jiko: wali mweupe unaoshikana, na juu yake mchuzi mzito wa bizari, wa rangi ya kahawia, mtamu kupita kiasi, pamoja na vipande vya figili nyekundu iliyolowekwa siki. Aliyetupakulia alikuwa mama wa Kizulu, MaKhumalo, mwenye mikono minene na jicho lisilokosa kitu. Alituita "sisi", na kwa siku kadhaa tulifurahi tukidhani anajihesabu pamoja nasi, hadi tulipoelewa kwamba kwa lugha yake sisi ni dada. Mama Bahati alisema basi ni yale yale. Hilo ndilo neno la kwanza la kigeni tulilolisikia vibaya pale, na halikumdhuru mtu. La pili ndilo ninalotaka liandikwe.

Tulilisikia siku ya kwanza. Bwana mmoja alipiga mpira, mpira ukaacha njia, na wote wanne wakapaza sauti kuelekea bondeni walikokuwa watu wengine: "Faaa!" Sauti ilikwenda, ikagonga mlima, ikaturudia. Bwana Ishida alitutazama, akajikunja, mikono juu ya kichwa, magoti yakigusa majani, akatuonyesha kwa kidole kwamba nasi tufanye hivyo kila tulisikiapo. Lakini mtu huyu alikuwa ametuinamia tangu tulipoteremka garini. Alikuwa amewainamia wageni, tena nilimwona kwa macho yangu akiinamia simu aliyokuwa akizungumza nayo. Tulidhani ni heshima nyingine tu, kubwa kuliko zile za kwanza, na kwamba neno lile ndilo tunalotakiwa kulisujudia.

Jioni, chumbani, Mama Bahati hakuvua viatu. "Mumesikia?" aliuliza. "Banatuambia tukufe. Halafu banataka tuiname, tuseme asante."

"Labda ni jina la mtu," Zawadi akasema.

"Jina la mutu gani? Kila mara? Fa! Fa! Mutoto, hauna masikio?"

"Yaya, wewe unasikia nini?" Zawadi akanigeukia mimi, ambaye waliniita hivyo, yaani dada mkubwa. Nikasema ninasikia faa: wanatuambia tufae kitu, tuache uvivu. Fa na faa si neno moja, nikaeleza. La pili ni refu.

"Refu kwa sababu inatoka mbali," Mama Bahati akanijibu, na wenzetu wakacheka. Kesho yake tukamwuliza MaKhumalo, yeye aliyetutangulia pale. Akaweka mwiko chini. "Eish, sisi. Hata kwetu ni hivyo hivyo. Ukufa. Mimi nikiwasikia huko nje najisemea, Mungu wangu, leo ni nani?" Basi likawa limethibitishwa kwa lugha mbili.

Hapo ndipo Mama Bahati alipotupa sheria. Alisema mtu anayeambiwa afe, kisha akainama, amelikubali neno. Yeye hatainama. Kila litakaposemwa, kila mwanamke wetu atasimama wima, mgongo umenyooka, atazame mbele hadi lipite. Mimi nilimwuliza kwa nini anashika jambo hili kwa ukali hivyo, kwani kuinama ni kuinama tu, hakupunguzi mtu. Alikuwa akikunja shuka. Aliendelea kuikunja hadi ikawa ndogo kama kitabu. "Nilisha kuona watu wanaambiwa walale chini," alisema. "Bahati alikuwa mutoto ya adabu. Alilala. Benye balisimama bakakimbia, bengine bako hai, mimi niko hapa. Benye balilala, hapana hata mmoja." Baada ya maneno hayo hakuna aliyebishana naye, na mimi, niliyekuwa nikisikia neno jingine, nilisimama pamoja nao.

Nimelifikiria jambo hili kwa umri wangu wote uliobaki, na linalonitisha si kwamba tulikosea. Linalonitisha ni jinsi kosa lilivyotulipa mema kwa muda mrefu. Neno lilipigwa asubuhi, likapigwa mchana. Nasi popote tulipokuwa, wengine wamechuchumaa wakijaza mchanga mahali fimbo ziling'oa majani, wengine wakisukuma vigari vya fimbo, tuliinuka tukasimama kama nguzo. Mipira ilianguka kando yetu. Mmoja ulipita kati ya uso wangu na mkono wangu, nikausikia ukivuma kama nyuki. Na kila ulipokosa tuliambiana jioni: mmeona? Kusimama kunasaidia. Wachezaji walipunga mikono, wakapiga kelele zaidi, nasi tukazidi kunyooka. Bwana Ishida alikuja mara kwa mara akajikunja tena mbele yetu, akatuonyesha, akarudia, uso umemwiva. Tulimtazama kwa upole. Tuliona ni mtu anayesisitiza sana kuheshimiwa.

Wakati huo tumbo la Zawadi lilikuwa likikua. Kila asubuhi nililifunga kwa kitenge kabla hajavaa vazi la kazi, naye akashusha pumzi na kuniambia nikaze zaidi, nami nikakataa kukaza zaidi. Alikuwa ametoka kwao na mume, wakapotezana mpakani, na hakujua kama mtu huyo anaishi. "Yaya, mimi sitaki vingi," aliniambia. "Huyu tu. Azaliwe mahali hapana bunduki, nimsikie analia. Basi." Mpango wetu ulikuwa afanye kazi hadi mvua za kwanza, kisha ateremke Durban ajifungulie huko hospitalini kabla patron hajajua. MaKhumalo alijua bila kuambiwa; sahani ya Zawadi ilianza kuja na wali mwingi kuliko zetu, na mtu alipolalamika aliambiwa anyamaze ale chake. Mama Bahati naye alikuwa akimweka Zawadi karibu, wakatoka pamoja uwanjani, na neno liliposemwa alimshika mkono akamwinua. "Wewe kuliko sisi wote," alimwambia. "Wewe ni watu wawili. Hapana kuinama."

Siku yenyewe ilianza na joto lisilo na upepo. Mawingu yalikuwa yamekaa juu ya milima tangu alfajiri, meusi upande wa chini, na wageni walikuwa wakiharakisha wamalize kabla hayajateremka. Mimi nilikuwa na mabwana wanne juu ya kilima. Zawadi na Mama Bahati walikuwa mbele yetu, ng'ambo ya bonde, na wachezaji wao walikuwa wametangulia. Niliwaona vizuri kabisa, kofia mbili nyeupe. Mama Bahati alikuwa ameshika kigari. Zawadi alikuwa amepiga magoti, kichwa kimeinama karibu na ardhi, akijaza mchanga na kuugandamiza kwa kiganja. Bwana mmoja wa kwangu alipiga. Mpira ulikwenda sawa, kisha ukakata kushoto, na wote wanne wakapaza sauti kwa pamoja, sauti ambayo sijawahi kuisikia tena kwa watu wazima. "Faaa!" Ninataka Riziki alielewe jambo hili: mama yake alikuwa tayari yuko chini. Lau angebaki vile alivyokuwa, mpira ungepita juu ya mgongo wake. Alilisikia neno, akaweka mkono tumboni, akasimama.

Nilimwona akianguka kabla sijasikia mlio. Niliacha fimbo nikakimbia, na mabwana wakakimbia nyuma yangu. Alikuwa ametumbukia kifudifudi katika shimo la mchanga lililokuwa karibu naye, damu ikimtoka sikioni, na Mama Bahati alikuwa amekwisha kumgeuza na kumpakata, akimfuta mchanga mdomoni kwa kitambaa cha kofia. Mvua ikaanza hapo hapo. Wale mabwana, waliokuja pale kwa viatu vya kung'aa, walimbeba mikononi hadi kwenye jengo. Mahali pa karibu penye maji ya moto na sakafu safi palikuwa chumba cha kuogea cha wageni, ambacho sisi hatukuruhusiwa kuingia ila kwa kufagia. Wakamlaza pale, kando ya birika kubwa la maji yanayofuka mvuke. MaKhumalo alikuja mbio kutoka jikoni, akafungua kitenge nilichokifunga asubuhi, na tumbo likaonekana na watu wote. Bwana Ishida aliliona. Hakusema habari ya kazi wala ya sheria. Alivua koti lake, akamfunika nalo, akatoka nje kwenda kuwasha gari.

Alirudi haraka kuliko tulivyotarajia, amelowa hadi kiunoni. Mto uliokuwa ukikata barabara ulikuwa umefurika juu ya daraja, na gari halikuweza kuvuka. Zawadi alikuwa amezinduka, na uchungu ulikuwa umeanza, mapema mno, miezi ikiwa bado. Alinishika kifundo cha mkono akaniuliza kama mtoto anacheza. Nilimwambia acheze asicheze yeye atulie. Bwana Ishida alipiga magoti mbele yangu kwenye vigae vilivyolowa, na kwa Kiingereza chake kidogo, ambacho kilikutana na changu kilicho kidogo zaidi, akaniuliza swali ambalo nadhani lilikuwa limemkaa moyoni miezi yote ile. "Kwa nini mnasimama?" alisema. "Kila siku tunaita. Mpira unakuja, ficheni kichwa. Kila siku. Kwa nini mnasimama?"

Nilitazama upande wa Mama Bahati. Alikuwa ameshika mguu wa Zawadi, na alikuwa amesikia, na Kiingereza hicho kilikuwa chepesi kiasi cha kueleweka na mtu yeyote. Nikamjibu Bwana Ishida kwamba kwa lugha yetu, na kwa lugha ya huyu mama wa jikoni pia, neno wanalotupigia ni kufa. Hakuelewa, nikarudia. Nikalaza shavu juu ya kiganja nikafumba macho ili aelewe. Alielewa. Alikaa chini mbele ya wanawake, katika maji. Miezi yote ile watu wale walikuwa wakituonya ili tuishi, na hapakuwa na neno jingine duniani ambalo tungelisikia vibaya kuliko lile. Mama Bahati aliendelea na kazi iliyokuwa mikononi mwake, kwa sababu mtoto alikuwa anakuja.

Alikuwa msichana. Alizaliwa kabla mvua haijakatika, mdogo kiasi cha kulala katika viganja viwili vya MaKhumalo, na alilia; si kilio cha nguvu, ni kama mlango mdogo unaofunguliwa. Zawadi alimsikia, kwa sikio la kulia. Tulimfunga kwa taulo za wageni, tukamweka kifuani pa mama yake, na mvuke wa maji yale ulimpa joto kwa muda. Jioni ilipoingia akaacha kupumua. Zawadi ndiye aliyetuambia. Sisi tulikuwa bado tunamtazama.

Tulimzika asubuhi. Mipaka ya uwanja ule imewekwa vigingi vyeupe, na mpira ukivipita wachezaji huuhesabu kuwa umepotea, hawaendi kuutafuta. Bwana Ishida alichagua mahali ng'ambo ya vigingi hivyo, penye misonobari, akachimba yeye mwenyewe kwa koleo la watu wa bustani na akakataa kusaidiwa. Yule bwana aliyeupiga mpira alisimama mbali, kichwa wazi, na hakusogea hata tulipomaliza. Zawadi tulimleta juu ya kiti, kichwa kimefungwa bandeji. Mchungaji hakuwapo, wala hapakuwa na mwanamume wa kwetu. Kaburi lilipokuwa limefunikwa, Zawadi alisema mtoto hawezi kuachwa pale bila jina, akamtaka Mama Bahati ampe.

"Mimi?" Mama Bahati akasema. Lilikuwa neno lake la kwanza tangu jana. "Mimi nimupe jina? Mudomo hii yangu? Hapana. Mwambie Yaya."

"Simtaki Yaya. Mpe wewe. Mpe jina lako, awe somo wako."

"Jina yangu ni ya Bahati."

"Hilo ni la Bahati. Mpe lile ulilopewa na mama yako."

Hakuna kati yetu aliyelijua jina hilo. Hatukuwahi kufikiri kwamba analo. Mama Bahati alipiga magoti, akainama, akainama zaidi, hadi uso wake ukakaribia kugusa udongo uliolowa, na akasema polepole, kama mtu anayemwamsha mtoto bila kutaka kumshtua.

"Sifa," alisema. "Mimi ni Sifa. Na wewe ni Sifa."